Kanga Aliyeambiwa Akae Tu

Mwaka huo mvua iligoma kabisa. Mito iligeuka njia za mchanga, na msitu mzima ukabaki na dimbwi moja ambalo kila mnyama alitaka kulishika. Simba, aliyejiona hana wa kumlinganisha naye, akanguruma: "Hatutapigana. Sisi ni wastaarabu. Tutafanya mdahalo, na timu itakayoshinda ndiyo itakayopanga nani anywe na lini."

Akatoa masharti. Kila timu iwe na wasemaji wawili, mmoja wao awe wa kike. Kila timu ilete mwamuzi, naye asiamue mdahalo wa timu yake. "Na mwamuzi akishatamka, basi," alisema Simba. "Nimemwidhinisha mimi, na mimi sikosei."

Fisi, ambaye hata ndotoni hutafuna, akaenda kwa Kanga. Alimkuta na vifaranga wake wamelala vumbini, midomo wazi kwa kiu.

"Mama Kanga, njoo timu yangu. Tukishinda, wanao watakunywa."

"Nitazungumzia nini?"

"Uzungumze tena? Kazi yako ni kukaa. Ukiulizwa, tikisa kichwa."

Kanga akawatazama wanawe, akameza uchungu, akakubali.

Mwamuzi wa Fisi alikuwa Mbweha, mvivu wa kutupwa. Kwa kuwa Nyani alikosa mwamuzi, Fisi alimpa Mbweha wake na kujitafutia mwamuzi mwingine, kwa ukarimu uliowashangaza wote. Hivyo Mbweha akahesabika wa Nyani, akawa huru kuamua midahalo ya Fisi.

"Usijisumbue kusikiliza," Fisi alimnong'oneza. "Sema umeguswa na hoja za Kanga na unazikubali zote. Simba anapenda kusikia wanawake wanaheshimiwa."

Ikawa hivyo. Kila raundi Fisi alizungumza mara mbili: kwa nafsi yake, kisha kwa niaba ya Kanga, "ambaye koo linamsumbua." Kila raundi Mbweha aliamka, akaguswa na hoja za Kanga. Wanyama wakampigia Fisi makofi kwa kuwainua wanawake, naye, bila haya, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kwenye fainali Fisi alikutana na Sungura, jike mjanja aliyesimama na Kobe. Fisi alidai dimbwi lishikwe na mkubwa mmoja. Sungura akainuka.

"Nina swali kwa msemaji wao wa pili."

"Koo linamsumbua," Fisi akadakia.

"Leo asubuhi nimemsikia akiwaita wanawe, sauti ikafika mlimani. Mama Kanga, dimbwi likiwa la mkubwa mmoja, wanao watakunywa lini?"

Fisi akamkazia macho. Kanga akamwangalia kifaranga wake mdogo, ambaye hakuweza tena kuinua shingo. Hasira zikampanda.

"Hawatakunywa kamwe!" alisema. "Waanze wadogo, wafuate wagonjwa, kisha wengine. Mwenye tumbo kubwa awe wa mwisho!"

Fisi akajaribu kuligeuza jambo hilo mzaha, akacheka kile kicheko chake kibaya. Kicheko kikamwamsha Mbweha.

"Nimeguswa sana na hoja za Kanga," Mbweha akatangaza huku akipiga miayo. "Nazikubali zote. Timu ya Fisi imeshinda."

"Mfalme!" Fisi akalia. "Huyu alikuwa amelala!"

"Leo tu," Sungura akauliza, "au na zile raundi nyingine?"

Fisi akageuka kumtazama Simba. Manyoya ya shingo ya Simba yalikuwa yamesimama.

"Unasema niliidhinisha mwamuzi anayelala?"

"La, Mfalme. Hapana."

"Basi hongera, umeshinda. Dimbwi litaendeshwa kama timu yako ilivyosema kwa kinywa cha Kanga."

Jioni vifaranga wakanywa mpaka wakalowana vifua. Yule mdogo aliinua shingo, na Kanga akalia kwa furaha mbele ya wote. Mwishoni kabisa mwa foleni, ulimi nje, bingwa wa mdahalo aliuliza zamu yake itafika lini.

"Kazi yako ni kukaa, Bwana Fisi," Kanga akamjibu. "Ukiulizwa, tikisa kichwa."