Korongo na Nyenje wa Shingoni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Ninyi wa nyuma mmemeza ndimi? Paukwa!"

"Pakawa, bibi, tuambie!"

Haya. Pakawa na njia mbili za mchanga kando ya ziwa, zimelala sambamba, ndege wanatua. Kila ndege alibeba nyenje shingoni. Ndege wawili wakikaribiana mno, nyenje hulia, kri-kri! Mmoja huambiwa, "Juu!" Mwenzake, "Chini!" Nao hutii papo hapo. Ila wakishatulia kwenye njia zao kutua bega kwa bega, kila mmoja humnong'oneza nyenje wake: "Hapa nionye tu, usiniamrishe."

Korongo, lile dubwana lenye tamaa, hakumnong'oneza nyenje wake neno. Kumbikumbi wakitoka mchangani, alifagia njia zote mbili, kwapu! kwapu! Mbayuwayu na dada yake walirudi kiotoni midomo mitupu, makinda wa Mbayuwayu wanalia njaa.

"Dada," Mbayuwayu akasema, "leo tunakula."

Korongo akashuka, fuu! Mbayuwayu huyoo, ubavuni mwake. Kri-kri! "Juu!" Korongo akapanda, Mbayuwayu akatua akala. Korongo akashuka tena, fuu! Mbayuwayu huyoo, ubavuni. Kri-kri! "Juu!" Akapanda. Mpaka jua linazama, Korongo yuko juu na njaa yake, makinda wameshiba. Ndege wote walicheka, na mimi ningecheka.

Dada mtu hakucheka. "Kaka, inatosha. Atachoka kumsikiliza nyenje wake."

"Woga tu huo, dada. Kesho tena!"

Kumbe Korongo alishachoka. Usiku ule alimnyakua nyenje wake akammeza, gubu!

Asubuhi ukungu ulitanda. Dada alikuwa juu ya ziwa bado, hajaifikia njia wala hajamnong'oneza nyenje wake, Korongo akamjia bila kumwona. Kri-kri! Nyenje wa dada akalia, "Chini!" Dada akashuka. Korongo, hana tena wa kumwambia juu, naye akashuka.

Paa!

Korongo alichechemea tu. Dada, yakabaki manyoya juu ya maji.

Mbayuwayu akazunguka ziwa kutwa nzima. "Dada! Ni mimi niliyeanza! Dada, nisamehe!" Jamani, hapa huwa naumia.

Basi, ngano yangu imetua, anayeitaka aibebe. Funzo lake? Eti nyenje si wa kuaminiwa. Ndivyo Mbayuwayu anavyowafundisha makinda wake. Wakimuuliza shangazi yuko wapi, anawaambia walale.