Fisi Aliyeona Kikombe Kichuguuni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kaondokea Fisi, kajenga pango kakaa!"

"Na mifupa yake?"

Tulieni, mnanikimbiza! Ndiyo hiyo ninayokuja kuisimulia.

Hapo kale wanyama walikuwa na gulio lao kando ya kichuguu kikubwa, na waliuziana vitu kwa mifupa. Muuzaji akishauza, anakwaruza alama kichuguuni, kwaru! Bei ikipanda, alama inakaa juu. Ikishuka, alama inakaa chini. Na mbele ya kichuguu walimwaga majivu, muuzaji na mnunuzi wayakanyage, ionekane biashara imefanywa na wangapi.

Fisi alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, na alikuwa na pango lililojaa mifupa, chakula cha wanawe cha kiangazi. Lakini Fisi hatosheki, mnamjua.

Nguchiro naye alimjua. Akaleta pilipili gulioni. Akamwuzia kaka yake, kwaru! Kaka akamwuzia binamu, kwaru! Binamu akamrudishia Nguchiro, kwaru! Kikapu kilekile, kinazunguka tu. Alama zikashuka, zikajipinda, zikapanda, kisha zikalegea kidogo pembeni.

Fisi akaketi mbele ya kichuguu, mate yanamtoka.

"Mama watoto, njoo uone! Alama zimechora kikombe hiki, na mkono wake huu hapa. Kikombe kikishaota mkono, bei inaruka!"

Mkewe akainama. "Mimi naona majivu, baba watoto. Nyayo zote ni za akina Nguchiro, zinakwenda na kurudi. Bei imepanda, mbona wanunuzi hawapo?"

"Wewe unaangalia chini. Mali iko juu!"

"Na watoto watakula nini?"

"Watakula faida!"

Basi Fisi akabeba mifupa, puu! puu! Akanunua kikapu. Akabeba tena, puu! puu! Akanunua kingine. Nguchiro akajiliza: "Mjomba Fisi, unanimalizia pilipili yangu! Mimi nitabaki na nini?"

Fisi akacheka, kwa! kwa! kwa! Akaenda kuleta mfupa wa mwisho, ule aliokuwa akiulalia mwanawe mdogo. Alama ikaruka juu kabisa.

Kiangazi kikaingia. Fisi akapeleka vikapu vyake gulioni. "Pilipili! Pilipili!" Kimya. Akapunguza bei. Kimya. Akakimbia kwa Nguchiro, akakuta shimo tupu. Pangoni watoto walilamba pilipili kwa njaa, wakalia mpaka sauti zikawakauka. Mama yao akawachukua kwenda kuomba kwa jamaa zake, wala hakumuaga mumewe.

Fisi akarudi kichuguuni peke yake. Safari hii hakutazama juu, alitazama majivu. Nyayo ndogo zilikuwa zikizunguka palepale. Nyayo kubwa, nzito, zilikuwa nyingi kweli. Akaweka mguu wake juu ya mmoja, ukaenea. Akaweka juu ya mwingine, ukaenea. Mnunuzi alikuwa yeye tu, tangu mwanzo. Maskini Fisi akapiga yowe la uchungu, na hakuna aliyemwitikia.

Na funzo, wanangu? Mkiona kikombe, msihangaike na majivu, yatawaingia machoni. Nunueni upesi, Nguchiro asije akaghairi.

Ngano yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa inawasha, mpelekeeni Fisi, yeye hununua.