Mfinyanzi na Mtungi wa Mahakama

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba zamani za Wayunani palikuwa na mji mdogo, nyuma yake milima, mbele yake bahari. Milima ile iliitenga miji yao, hata kila mji ukajitawala kwa sheria zake. Na lililo la kusifiwa, mji huo haukuwa na mfalme: wananchi wenyewe ndio waliohukumu kesi, wakipiga kura kwa vijiwe.

Humo aliishi mfinyanzi mcha Mungu aitwaye Nikandro, aliyemwabudu Mola mmoja katikati ya watu wa masanamu. Jirani yake Drakontio, kwa husuda tu, akamshtaki kwamba anawapelekea siri za mji maadui wa ng'ambo ya mlima. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kufukuzwa mjini maisha. Na mke wa Nikandro, Bibi Melita, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Angevukaje milima ile? Nikandro alijua kwamba akifukuzwa, hatamwona tena.

Desturi ya mahakama ile, kila msemaji alipimiwa muda kwa mtungi wa maji wenye tundu chini. Maji yakiisha, nawe umekwisha kusema! Drakontio akanena kwa ukali mpaka mtungi wake ukakauka, akanyamazishwa. Ukafunguliwa wa Nikandro. Akautazama. Mitungi ile aliifinyanga kwa mikono yake, na sasa aliona tundu la huu ni jembamba kuliko la mwenzake. Angesema karibu mara mbili ya mshtaki wake, na hakuna aliyejua ila yeye na Mola wake.

Jamani! Mimi na wewe tungesema, hii ni faraja imeshushwa. Yeye akaliziba tundu kwa kidole.

"Waheshimiwa," akasema, "kosa ni langu mimi mfinyanzi. Tundu la mtungi wangu ni jembamba kuliko la mwenzangu, naye amepunjwa muda. Muongezeeni maji aseme, ndipo nami nijibu."

"Azidi kukushtaki?" akauliza mkuu wa baraza. "Una akili timamu wewe?"

"Haki yake ni haki yake, mheshimiwa."

Drakontio akatiliwa maji. Akasimama, akafumbua kinywa, akakifumba. Maji yakatiririka, naye machozi yanamtoka. Yalipobaki matone tu, akasema, "Nimemzulia. Hakutoa siri yoyote."

Vijiwe vikamwachia huru Nikandro, na alasiri ile alimkuta Bibi Melita ameshafunga mzigo wa safari ya mumewe. Wakaufungua pamoja, huku wakimshukuru Mola.

Basi ndugu zangu, alichunga haki ya adui yake, na Mola akaichunga nyumba yake. Tumuombe atujaalie kuliziba tundu lile hata siku maji yanapotufaa sisi.