Muhuri wa Tatu wa Shekue

Hapo zamani, na zamani ya mji huu ni kama robo saa iliyopita, palikuwa na mji uitwao Seli. Ulikuwa mdogo, hauonekani kwa macho, umejengwa ndani ya ukuta wa mshipa wa damu, katika kidole cha Mwanaidi, muuza mihogo ya kukaanga. Udogo haukuuzuia kuwa na ofisi, mihuri na vikao. Hasa vikao.

Kazi ya mji ilikuwa moja: Mwanaidi akijikata, ukaze, mshipa ubanwe, damu isimame, kisha ulegee. Na sheria ilikuwa moja: mtumishi aliyeharibu kazi hubandikwa alama mgongoni, hupelekwa kinuni, hutwangwa akawa unga wa kutengenezea watumishi wengine. Rufaa hakuna. Aliyewahi kukata rufaa alikuwa unga tayari.

Basi kisu kikateleza. Mwanaidi akapiga ukelele. Mara mjumbe Homoni akafika langoni, akaketi kwenye benchi la Mwinjuma.

Mwinjuma alikuwa bawabu, ndiye kipokezi. Mwili wake umepenya ukuta mara saba kama uzi wa fundi cherehani, huku yuko nje, huku yuko ndani. Mjumbe akiketi nje, Mwinjuma hujipinda ndani, na akijipinda humwamsha Shekue.

Shekue alikuwa tarishi, protini G. Akiwa na kibali cha mihuri miwili, hulala. Akipewa cha mihuri mitatu, hukimbia. Mwinjuma akamnyang'anya cha miwili, akampa cha mitatu. Shekue akakimbia kando ya ukuta hadi kwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mkata mafuta wa mji, kimeng'enya fosfolipasi. Akachukua kipande cha mafuta ya ukuta, akakikata viwili. Nusu moja ikabaki ukutani kumwamsha msimamizi wa kukaza. Nusu ya pili ikakimbia ghalani, ikafungua milango, kalsiamu ikamwagika. Mji ukakaza! Damu ikasimama.

Hapo ndipo hadithi ingeisha, kama watu wangejua kuacha.

Maana desturi ni hii: Shekue mwenyewe ndiye huchana muhuri wake wa tatu, akalale. Lakini Shekue ni mzito wa kuchana, kwa hiyo Bi Somoe, aliyetumwa, ndiye humkumbusha aliyemtuma: "Bwana, muhuri." Usiniulize nani alitunga utaratibu huo. Utakuta ni kamati.

Bi Somoe akasema, "Bwana, muhuri." Shekue akachana, akarudi kulala. Mjumbe bado ameketi. Mwinjuma akampa kibali kipya. Akakimbia, mafuta yakakatwa. "Bwana, muhuri." Akachana, akarudi. Mjumbe bado ameketi. Akapewa kipya! Mara ya tatu Shekue hakuchana, na Bi Somoe hakusema. Akaendelea kukata tu. Kalsiamu ikajaa mpaka magotini.

Mji ukakataa kulegea; kidole kikakosa damu, kikawa cheupe, kikafa ganzi. Mwanaidi akakisugua kwenye kanga. "We kidole, umenifia? Mihogo hii ataimenya nani?"

Mjumbe alipoondoka hatimaye na mji ukalegea, afisa wa kinu akaja na alama moja na fomu moja.

"Jina la mkosaji?"

"Shekue," akasema Mwinjuma. "Muhuri ulikuwa mkononi mwake."

"Mkononi mwangu uliuweka nani?" Shekue akaruka. "Nimechana mara mbili, mara mbili umenipa kibali kingine! Kaka, mtu atafagia mpaka lini na wewe unamwaga?"

"Mgeni alikuwa ameketi. Nimfukuze? Mimi nimeandikiwa: akiketi, jipinde. Hakuna palipoandikwa nitumie akili."

"Hilo tunaliona," akasema Bi Somoe.

"Wewe nyamaza, dada!" akasema Mwinjuma. "Kazi yako kukumbusha. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakata! Nimekumbusha mara mbili. Mtu mzima anayejua desturi, nimwimbie kama mtoto? Kalsiamu mimi sikuigusa hata chembe. Nilikata mafuta, basi."

"Lakini mkasi ulikuwa wako," akasema Shekue.

"Na kibali chako!"

"Na benchi lake!" Shekue akamnyooshea Mwinjuma kidole.

"Waheshimiwa," akasema afisa, "niwaandike wote?"

Wakapiga hesabu. Wote wakitwangwa, siku ya kisu nyingine mji hautasikia, hautakaza, na Mwanaidi atamwaga damu mpaka aanguke.

"Hata hivyo haiwezekani," afisa akasema, akigeuza karatasi. "Fomu ina nafasi ya jina moja."

Bawabu aliyefuata maandishi, tarishi aliyechoka kuchana, mkata mafuta aliyechoka kusema. Afisa kashika kalamu, kinu ki wazi, na huko juu Mwanaidi, mbishi yule, ameshachukua kisu tena.

Haya, ninyi mnaopenda kunikatiza, semeni sasa: je, ni jina la nani liandikwe?