Nani Atie Udongo wa Kwanza?

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso. Hii si ya kuchekea, ni ya kuamua.

Walikuwepo vijana watatu wa chuo cha ufundi, kila mmoja na karama yake. Elinami alikuwa na mikono: akishika bati, bati linatii. Kadeghe, binti wa mrina asali, alijua kuziba. Akiziba chungu, hata mvuke huomba ruhusa. Kajiru alikuwa na subira, samaki angechoka kabla yake. Mwenzao wa nne alikuwa Mbonea, mtoto pekee wa mjane Nakijwa, naye karama yake ilikuwa kuogelea.

Wanne hao waliunda chombo cha kupiga picha chini ya maji. Kilisukumwa na mota nne ndogo zenye mapanga kama ya feni, wakaziita visukumio. Vya dukani hawakuviweza kwa bei, wakatengeneza vyao. Siku ya kujaribu wakaenda kwenye shimo la zamani la kokoto lililojaa maji. Chombo kikazama, kikaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, kamba yake ikajisokota kwenye vyuma vya chini. Mbonea akajitosa kukifungua.

Chombo kikaibuka. Mbonea hakuibuka.

Wapiga mbizi walikuja siku mbili. "Mama, ni tope tupu," wakamwambia Nakijwa. "Atapanda mwenyewe." Wakafunga mizigo. Nakijwa akabaki ukingoni, siku ya tatu, ya nne. Majirani wakamsihi ale.

"Mwanangu kala nini huko?" akawajibu.

Hakuomba tena uzima wa mtoto. Aliomba kaburi.

Ndipo wale watatu wakaamua chombo hicho hicho kikamtafute. Elinami akayang'oa mapanga yote. Akachukua sufuria ya mama yake, akakata mapya: mawili ya kuzungukia kulia, mawili kushoto, ili chombo kitulie. Vidole vikachanika, akafunga vitambaa, akaendelea.

Kadeghe akakuta mota zimeingia maji. Akatafuta nyingine, akaleta nta kutoka kwa baba yake, akaiyeyusha, akaweka kila mota ndani ya kikopo na kumimina nta na grisi hadi tone lisiwe na pa kupita. Nta ikamuunguza kiganja.

Kajiru akashika usukani. Kamera haikuona kitu. Akafumba macho, akaongoza kwa mvuto wa kamba kidoleni, tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri.

"Nimegusa," akasema.

Kulabu waliyoifunga chini ya chombo ilishika mshipi wa suruali ya Mbonea. Wakavuta. Nakijwa akamfunika mwanawe kwa kanga aliyokuwa amejitanda.

Sasa, kwao, anayemrudisha aliyezama ndiye hutia jembe la kwanza la udongo kaburini. Tangu hapo humwita mama wa marehemu "mama", naye huitwa "mwanangu", mpaka mmoja wao afe. Na jembe hilo halishikwi na wawili.

Kaburini Nakijwa akawageukia. "Nani kanirudishia mwanangu?"

"Mpe Kadeghe, mama," Elinami akasema. "Mimi sistahili. Mapanga ya kwanza niliyakata yote upande mmoja. Ndiyo yaliyokizungusha chombo."

"Wala si mimi!" Kadeghe akalia. "Mimi ndiye niliyemtania. Nilimwambia, 'Wewe si kambale? Ingia basi!' Akacheka, akaingia."

Watu wakamgeukia Kajiru.

"Mama, mimi sikuzima mota. Alijitosa zikiwa bado zinazunguka. Niliogopa chombo kitapotea."

Watu wakaguna. Nakijwa hakuguna. Alitazama vile vitambaa vyenye damu, kile kiganja kilichovimba, kile kidole kilichokatwa na kamba. Waliompeleka majini na waliomrudisha ni hao hao.

Bila mapanga ya Elinami, chombo kingezunguka tena. Bila nta ya Kadeghe, kingekufa njiani. Bila subira ya Kajiru, kisingemfikia. Na bila wao watatu, Mbonea angekuwa nyumbani anakula makande.

"Shemeji," kaka wa marehemu mumewe akamwambia polepole, "jua halitusubiri."

Jembe lina mpini mmoja, na Nakijwa bado ameushika. Akimpokeza mmoja, atakuwa na wa kumwita mama, na kila akiitwa atakumbuka. Akilitia mwenyewe, atarudi kwenye nyumba isiyo na sauti.

Haya, ninyi mliokaa hapa na mama zenu wako hai: mngemwamulia vipi?