Kiti cha Bibi wa Pazia

Hapo zamani, zamani ambazo hata nyanya yangu alipozisimulia alianza kwa kusema hapo zamani, palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Chundwani. Mji ulikuwa mdogo, lakini watu wake walijigawa mitaa miwili, Juu na Chini, na kila mwaka baada ya mavuno wanawake wa mitaa hiyo walishindana kwa ngoma na nyimbo. Mtaa ulioshindwa uliwapikia washindi pilau, ukawapakulia, ukaosha na masufuria. Msicheke. Mtaa wa Chini walikuwa wameosha masufuria ya wenzao mpaka wanayatambua kwa mikwaruzo.

Wala hawakukosa mwimbaji. Walikuwa na Somoe, na sauti ya Somoe mimi nikijaribu kuieleza nitaiharibu, basi niacheni. Shida ni kwamba Somoe aliuza mbaazi. Kila alfajiri alipita vichochoroni na chungu kichwani akinadi, "Mbaazi za nazi, bado za moto," na mji mzima uliamkia sauti hiyo. Kwa hiyo kila mwaka alipoinuka kuimba habari za mapenzi na za kufiwa, watu walisikia njaa. Akifika ubeti wa pili wanameza mate. Akimaliza, badala ya vigelegele, mtu anamwuliza kama mbaazi zimebaki. Somoe hurudi nyumbani akalia, tena hulia kwa sauti tamu, na majirani wakasikia njaa upya.

Mwaka huo mkuu wa mji, Mwana Zena, alichongesha kiti cha mpingo. Akatangaza kwamba mwimbaji atakayeshinda atawekewa kiti hicho mbele ya kila ngoma maisha yake yote, na kabla ngoma haijapigwa jina lake litatajwa, watu wote waitikie. Somoe aliposikia hivyo usingizi ulimpaa. Kiti hakukitaka sana. Alitaka lile jina. Alitaka mji umtaje, walau mara moja, bila kutaja chakula.

Akaenda kwa shoga yake Batuli, mchuuzi wa kanga, aliyeingia kila nyumba na kutoka na habari zake. Batuli akamwambia sauti haina kasoro, kasoro ni kwamba watu wanamjua. Akatungua pazia la kitandani mwake. Kisha wakamwita Time, fundi wa kupaka hina, ambaye mkono wake ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuipamba. Wakapanga hivi: Somoe ataimba nyuma ya pazia, Time atachuchumaa pembeni yake, na kila ubeti ukiisha atautoa mkono wake wenye hina, augeuze taratibu, aurudishe. Na Batuli atatembea.

Batuli akatembea. Nyumba ya kwanza alisema kuna binti wa mfalme wa Ngazija aliyekimbilia Mtaa wa Chini. Nyumba ya pili alisema ni mwanamke aliyechukuliwa na majini, akarudishwa na sauti isiyo yake. Nyumba ya tatu hakusema kitu, alitikisa kichwa tu akaomba maji ya kunywa, na nyumba hiyo ndiyo iliyosema mengi kuliko zote. Kila mahali alisihi wasimwambie mtu. Wakafanya kama mnavyojua watu hufanya.

Siku ikafika. Alasiri uwanja ulijaa, pazia likatundikwa. Somoe akaimba, mkono ukatoka, ukageuka, ukarudi. Somoe akaimba, mkono ukatoka, ukageuka, ukarudi. Watu wakaanza kulia, watu wazima na ndevu zao. Bwana Faki wa Mtaa wa Juu, aliyekuja mahususi kuzomea, alikuwa ameikalia kofia yake mwenyewe akilia kwa kwikwi. Hakuna aliyesikia njaa. Wanawake wa Juu walikubali yaishe, wakaanza kuulizana nani ana sufuria kubwa.

Mwana Zena akasimama, akaamuru Bibi wa Pazia atoke akikalie kiti chake. Kule nyuma Somoe akainuka. Time naye akainuka. Na Batuli, aliyekuwa ameshika kamba ya pazia, akaiachia ili naye apite. Pazia likaanguka, wote watatu wakaonekana wakisukumana. Mji ukatazama, ukatazama. Kisha mtu mmoja kutoka nyuma akauliza, tena kwa upole tu, "Somoe, mbaazi zimebaki?"

Mwana Zena akawanyamazisha watu, akataka kila mmoja aseme haki yake.

Somoe akasema, "Mwana, nimewaimbia miaka yote, na nyimbo ni zilezile. Leo wamelia. Kilichowaliza ni koo langu. Naomba nitajwe."

Time akasema, "Nyimbo ni zilezile, amekiri mwenyewe. Mbona mwaka jana hawakulia? Wamelia ulipotoka mkono. Na mkono huu nimeunyoosha nikiwa nimechuchumaa kwapani mwa Somoe, mpaka sasa haukunjiki."

Batuli akasema, "Mkono huo unateka maji kisimani kila siku, nani aliwahi kuutazama? Sauti hiyo inapita milangoni mwenu kila asubuhi, nani aliwahi kuililia? Bibi wa Pazia nimemzaa mimi. Hawa niliwaazima."

Watu walidhani yamekwisha. Mara Bwana Faki akainuka na kofia yake iliyobonyea. "Bibi wa Pazia nimemwona mimi," akasema. "Ana macho malegevu na kidoti kidevuni. Kati ya hawa hakuna mwenye kidoti. Basi ametoka kichwani mwangu, na kiti ni changu." Mkewe akamwuliza, polepole sana, kidoti hicho amekionea wapi. Bwana Faki akaketi.

Mwana Zena akaamua kuwajaribu. Batuli akaambiwa asimulie tena ya binti wa mfalme, watu wakacheka. Time akaambiwa atoe mkono bila wimbo, mkono ukatoka, ukageuka, ukawa kama wa mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Somoe akaambiwa aimbe palepale, wazi. Akaimba kama hajawahi kuimba, na watoto wakaanza kuwauliza mama zao watakula saa ngapi. Lakini Bwana Faki alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yakimtiririka upya. Alipoulizwa analia nini, akajibu anamlilia yule mwenye kidoti. Mkewe akachukua kanga yake akaondoka.

Hapo Mwana Zena akashindwa. Akasema wenye mji waamue wenyewe, akaingia ndani. Na mimi msinitazame hivyo. Somoe ananiuma, sifichi, lakini kila nikitaka kumpa kiti namsikia Batuli akiniuliza mwaka jana nilikuwa wapi.

Basi kiti kipo uwanjani. Wapiga ngoma wameinua mikono, wanangoja jina. Time anausugua mkono wake, Batuli anaokota pazia lake, Bwana Faki bado amefumba macho. Somoe amesimama kando ya kiti, amekigusa mgongo, hajaketi. Nanyi mliokula mbaazi zake, tajeni jina moja tu tuitikie: nani alistahili?