Pikipiki ya Mzee Mzamil

Wahenga hawakuwa na mzaha waliponena kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima hicho si cha maji, jamani. Ni lile shimo ambalo mtu humchimbia mwenzake kwa husuda, akalifunika vizuri, kisha akakaa pembeni kungoja kilio. Asiyeamini na aende Kibokoni, Mji wa Kale, akamuulize Zakariya habari za mguu wake.

Zakariya hakupungukiwa na kitu. Babu yake, Mzee Mzamil, aliwagawia wajukuu vyake kwa mkono wake mwenyewe kabla hajafariki, na Zakariya, aliyekuwa mkubwa wao, alipewa duka la vitambaa la Barabara ya Biashara. Binamu yake Mwanabaraka, mwalimu wa shule moja huko Ganjoni, alipewa pikipiki. Na pikipiki yenyewe sasa! Ilikuwa BSA ya Kiingereza, ya enzi za ukoloni, iliyolala uani miaka na mikaka chini ya turubai. Kutu ilikuwa imeitafuna, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti chake. Siku hiyo Zakariya alicheka hadi akashika mbavu.

"Hongera, dada," alimwambia. "Isipowaka, angalau hutanunua mayai!"

Mwanabaraka alitabasamu tu. Babu alipokwisha kuzikwa na matanga kuondoka, alianza kazi. Kila akirudi shuleni alijifunga leso kiunoni, akaketi sakafuni pamoja na Musyoka, fundi wa pikipiki kutoka Tononoka. Wakalowesha parafujo katika dizeli, wakasugua tangi kwa msasa hadi vidole vikachubuka. Pistoni iligoma kutoka, Musyoka akataka kuivunja kwa nyundo. Mwanabaraka akamzuia, akawa anaitilia mafuta kila siku na kuibembeleza, hadi ikalegea yenyewe. Majirani walinong'ona kwamba mwalimu amepata wazimu. Yeye alitia pamba masikioni.

Mwaka haukwisha, kutu ikageuka mng'aro. Tangi lilipakwa rangi ya kijani na kuzungushiwa mstari wa dhahabu. Wapita njia walisimama mlangoni wakisema, "Mashallah!" Wazee waliingia na mikongojo yao kuikagua, wakakumbushana jinsi Mzee Mzamil alivyokuwa akikata mitaa nayo, kofia mkononi. Walimsifu Mwanabaraka kwa kufufua jina la babu yake. Duka la vitambaa hakuna aliyelitaja.

Hapo ndipo kijicho kilipomwingia Zakariya, kikamkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Chakula hakikupita. Dukani alikata vitambaa pogo, wateja wakalalamika. "Babu alijua thamani yake," alijisemea. "Alimpenda yeye kuliko mimi!" Kicheko chake mwenyewe alikuwa amekisahau. Wala msidhani kwamba aliitaka ile pikipiki. Alichotaka ni Mwanabaraka asiwe nayo.

Ikafika hitima ya mwaka ya Mzee Mzamil. Ilikubaliwa kwamba baada ya kisomo pikipiki itatiwa moto kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Sasa, pikipiki za zamani kama ile zina tabia yake. Huwashwa kwa kiki, yaani kile chuma cha kukanyagia kwa mguu. Lakini kabla ya kukanyaga, sharti mtu arudishe nyuma kishikio kidogo kilichoko kwenye usukani, ili cheche ichelewe. Asipofanya hivyo, injini hushika moto kabla ya wakati, na kiki hurudi juu kwa teke la punda. Babu aliwahi kuchechemea mwezi mzima kwa kosa hilo, na Zakariya alilijua vyema.

Asubuhi ya hitima, wanawake walipokuwa wakimenya vitunguu jikoni, alinyemelea uani na spana, akaufungua waya wa kishikio kile kule chini ya tangi. Kishikio kikawa chacheza bure, hakishiki chochote. Apige kiki Musyoka au Mwanabaraka, kwake yeye ilikuwa mamoja. Mtu angelia, sifa zingekwisha, na pikipiki ingerudishwa chini ya turubai.

Baada ya alasiri kisomo kilikwisha, pilau ikaliwa, halwa na kahawa zikazunguka. Pikipiki ikatolewa mlangoni. Zakariya alijikalia barazani, uso mkavu, kikombe mkononi. Musyoka akarudisha kishikio, akainua mguu.

"Subiri, fundi," alisema Mwanabaraka. "Mkubwa yupo, mdogo hatangulii. Kaka Zakariya, tafadhali. Kitu cha babu hakiwashwi na mtu baki nawe upo."

Lo! Kahawa ilimmwagikia Zakariya mapajani. Katika nyumba ile hata sinia halikuguswa kabla mkubwa hajatia mkono. Yeye mwenyewe alikuwa mkali wa adabu hiyo. Chuki ilikuwa imemsahaulisha.

"La, dada... goti langu hili..."

"Goti gani, bwana?" mzee mmoja alimtania. "Juzi si nimekuona ukikimbilia tuktuk! Au waona haya kama biarusi?"

Watu wakaangua kicheko. Zakariya alitokwa na jasho. Kusema ni kujivua nguo mbele ya mtaa. Kukataa ni kuidharau hitima ya babu yake. Akajikokota hadi kwenye pikipiki, akapiga bismillahi, akakanyaga nusunusu kwa woga.

Pa! Kiki ikarudi na kumpiga kwenye kifundo cha mguu, akaanguka chini akilia kama mtoto anayetahiriwa. Mwanabaraka alivua mtandio wake, akabaki na buibui lake, akaufunga ule mguu. Musyoka aliinama, akaufuata waya kwa kidole.

"Huu umefunguliwa kwa spana," alisema. "Jana niliukaza mimi mwenyewe. Nani ameugusa?"

Hakuna aliyetajwa jina, lakini Zakariya alipayuka, "Sikukusudia iwe mimi!"

Mwanabaraka alimtazama, machozi yakimlengalenga.

"Nilitaka iwake kwa mguu wako, kaka, ndipo niwatangazie watu kwamba ni yetu sote," alisema. "Tulipokuwa wadogo babu alikupakia wewe mbele, juu ya tangi. Mimi nilikuwa nikiwapungia mkono tu, wala sikukuonea wivu."

Akasimama, akauchukua waya kwa Musyoka, akaukaza mwenyewe. Zakariya alikuwa ndani ya tuktuk, akipelekwa hospitali, injini iliponguruma nyuma yake na watu wakashangilia. Alijifunika uso kwa kanzu, akalia. Mguu ungepona, lakini jinsi ya kurudi kwenye baraza ile hakuijua. Kweli kabisa, mchimba kisima huingia mwenyewe.